Siku nne Mombasa: bahari, ndovu na mama mkwe

Hujambo Dada Mwenyeji,

Mimi ni msomaji wako kutoka Nakuru, mama wa watoto wawili, wa kwanza ana miaka tisa na wa pili mitano. Mwezi wa nane shule zikifungwa tunataka kushuka Mombasa. Mume wangu amepewa ruhusa kazini kuanzia Alhamisi hadi Jumatatu, na Jumanne lazima awe ofisini. Tutakuwa watu sita: sisi wawili, watoto, shemeji yangu ambaye bado hajaoa, na mama mkwe. Mama anakaribia miaka sabini, magoti yanamsumbua, na bahari hajawahi kuiona ila kwenye televisheni.

Shida ni kwamba kila mtu ana Mombasa yake. Mume wangu anataka ufuo, kiti na kivuli, na amesikia sifa za Diani. Watoto, tangu walipoambiwa kwamba ndovu wa Tsavo ni wekundu, hawaulizi jambo lingine. Shemeji ndiye aliyejitwika kupanga, na ratiba yake ni hii: Alhamisi tupande treni ya SGR hadi Mombasa. Ijumaa tutoke saa kumi alfajiri twende Tsavo Mashariki, turudi usiku. Jumamosi twende Shimoni, tupande mashua hadi Wasini kuona pomboo. Jumapili asubuhi Fort Jesus, mchana Haller Park, jioni ufuoni. Jumatatu turudi, tulale kwa jamaa Nairobi. Nikimwambia mambo ni mengi, ananijibu kwamba hatuendi Mombasa kulala.

Tena amepata mtu kwenye simu anayesema atatupeleka Tsavo kwa bei ambayo, kusema kweli, ni nzuri mno. "Kila kitu ndani," anasema, lakini anataka pesa zote kabla ya Jumatano ijayo, tena ziingie kwa namba yake mwenyewe. Mume wangu anasema mdogo wake anajua anachofanya.

Mama mkwe naye hasemi kitu. Ukimuuliza, jibu ni moja: "Mimi nitafuata mtakakoenda." Ila juzi tukikatakata sukuma wiki jikoni aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama katika safari hiyo yote atapata nafasi ya kukaa tu aitazame bahari. Sikuwa na la kumjibu.

Pesa ninashika mimi, kwa hiyo mambo yakiharibika lawama ni zangu. Nisaidie dada. Tsavo kwa siku moja kutoka Mombasa inawezekana? Kama haiwezekani, ndovu tutawaona wapi karibu? Tulale upande gani? Na huyo mtu wa bei nzuri nimtumie pesa?

Mama Wawili,
Nakuru

JIBU

Mama Wawili, nianze na la mwisho kwa kuwa lina tarehe yake. Usitume.

Simjui bwana huyo, na huenda ni mtu mwaminifu kabisa. Lakini anayefanya biashara ya kutembeza watalii Kenya anatakiwa awe na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, TRA, na mwenye nayo hakasiriki ukimwomba akutumie picha yake. Malipo ya kampuni huingia kwa paybill au till yenye jina la kampuni, na malipo ya awali huwa sehemu tu ya hesabu. Hilo la "kila kitu ndani" nalo mwambie alivunjevunje kwa maandishi: kiingilio cha kila mtu, kiingilio cha gari, mafuta, dereva, chakula. Bei ikiwa nzuri mno, mara nyingi kiingilio ndicho hakimo, na habari hiyo utapewa langoni, watoto wameshachungulia dirishani wanatafuta ndovu. Wakati huo utalipa tu, utafanyaje? Viingilio vya mbuga za KWS, shirika la serikali la wanyamapori, hulipwa kupitia eCitizen, ule mtandao wa malipo ya serikali, si pesa mkononi, kwa hiyo unaweza kuangalia mwenyewe viwango vya raia, mkubwa na mtoto, ukajumlisha. Ukikuta viingilio peke yake vinakaribia bei ya huyo bwana, hesabu imeshakujibu.

Sasa Tsavo. Kwenda na kurudi siku moja kutoka Mombasa kunawezekana, na watu huenda. Lango la Bachuma liko kama kilomita 100 kutoka mjini, na Voi yenyewe kama 150. Kwenye karatasi si mbali. Lakini barabara hiyo ndiyo ya malori yote ya bandarini, na lori moja likikwama karibu na Mariakani nyote mnakaa hapo mkitazamana. Halafu wanyama wana saa zao. Jua likishapanda simba analala chini ya kichaka, nyati anatafuta kivuli, na hapo ndipo nyinyi mliotoka Mombasa usiku mtakuwa mmeanza kuzunguka kwa nguvu. Mbugani hamshuki garini ovyo, ila mahali palipowekwa alama. Mtoto wa miaka mitano akitaka kukojoa kila nusu saa, na mama mkwe magoti yamekunjwa tangu alfajiri, hiyo raha ya shemeji itageuka adhabu ifikapo saa sita.

Lakini simkatai shemeji. Tsavo nendeni. Ninachokataa ni kuanzia Mombasa, maana treni yenu inapita Tsavo kabla haijafika Mombasa. Kila likizo watu wa bara huipita Voi wakiwa wamesinzia, wakafika Mombasa, kisha wakamlipa mtu awarudishe walikotoka.

Basi shukeni Voi. Alhamisi kateni tiketi za treni ya asubuhi, ile inayosimama vituo vya kati, mteremke Voi adhuhuri. Hakikisheni saa zake kwenye ratiba ya Kenya Railways siku ya kukata tiketi, kwa sababu hubadilishwa mara kwa mara. Pale Syokimau fikeni mapema, saa nzima kabla au zaidi: mtaambiwa mpange mizigo kwenye mstari chini, msogee nyuma, mbwa wapite wakinusa begi moja baada ya jingine, halafu kuna mashine za ukaguzi, halafu kitambulisho na tiketi. Mama atafutiwe pa kukaa wakati nyinyi mnapanga mizigo.

Mkishapita Mtito Andei waamsheni watoto kama wamelala. Kushoto kwenu ni Tsavo Mashariki, kulia Tsavo Magharibi, na reli imeinuliwa juu ya tuta, chini yake zikaachwa njia za wanyama kuvukia. Mwezi wa nane nyasi zimekauka na macho yanafika mbali, kwa hiyo ndovu wa kwanza mnaweza kumwona mkiwa kwenye viti vyenu, kabla hamjalipa senti ya kiingilio. Huyo wa miaka tisa msimulie habari ya mto Tsavo: hapo ndipo mwaka 1898, reli ya zamani ikijengwa, simba wawili walikuwa wakiwavuta wafanyakazi kutoka kwenye mahema usiku hadi kazi ya daraja ikasimama. Simba hao leo wamehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho mjini Chicago, na ingawa walikuwa madume hawakuwa na manyoya ya shingoni. Huyo wa miaka mitano mwacheni aendelee na biskuti zake.

Voi laleni usiku mmoja. Mjini kuna nyumba za wageni za kila bei, na karibu na lango la mbuga zipo hoteli zilizojengwa zikitazama mahali wanyama wanapokuja kunywa maji. Kama mfuko unaruhusu, hapo ndipo pa kutumia pesa, afadhali mbane kwingine. Sababu ni mama. Kesho yake nyinyi mkienda kuzunguka, yeye akiona magoti hayataki, atabaki barazani na chai yake na huenda akaona ndovu wengi kuliko nyinyi. Akitaka kwenda, kiti cha mbele ni chake. Na aambiwe mapema kwamba barabara za mbugani ni za udongo na zinatetemesha, achague mwenyewe. "Nitafuata mtakakoenda" si jibu la kupangia safari.

Gari lipangeni kupitia hoteli yenu au kampuni yenye leseni, dereva awe mtu wa Voi anayeijua mbuga, na Ijumaa mwe langoni saa kumi na mbili asubuhi linapofunguliwa. Msijaribu kuimaliza Tsavo Mashariki. Ina zaidi ya kilomita 13,000 za mraba, na dereva anayetaka kuwaonyesha yote atawaonyesha vumbi. Fuateni mto Voi na upande wa bwawa la Aruba, basi. Kiangazi wanyama hawaendi mbali na maji. Ndovu mtawaona, na ni kweli ni wekundu: udongo wa kule ni mwekundu na wao hujimwagia vumbi lake mgongoni kwa mkonga, wakitoka kuoga matopeni ndio hukolea kabisa. Waonyesheni watoto swala twiga pia, yule mwenye shingo ndefu. Husimama kwa miguu ya nyuma, mikono hewani, akala majani ya juu ambayo swala wengine hawayafikii. Kwangu mimi anamshinda simba, kwa sababu simba mara nyingi ni masikio mawili tu ndani ya nyasi, na magari manane yamemzunguka. Msiwaahidi watoto simba. Na chupa za plastiki zile za kununua dukani ziacheni; tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye hifadhi. Bebeni maji kwenye chupa za kudumu, ya kutosha.

Saa nne, saa tano mmerudi hotelini, mnaoga, mnakula, na treni ile ile ya asubuhi kutoka Nairobi inawakuta stesheni ya Voi mchana. Ni tiketi nyingine hiyo, ya Voi hadi Mombasa, msije mkadhani ile ya Alhamisi inaendelea. Mkifanya hivi mnafika Mombasa Ijumaa alasiri, Tsavo imeisha, na mbele yenu mna Jumamosi na Jumapili nzima za bahari bila deni la ndovu.

Stesheni ya Mombasa iko Miritini, si ufuoni. Mtahitaji gari la kuwafikisha mnakolala, na kwa watu sita na mizigo patana na gari moja kubwa kabla hamjashuka kwenye treni. Laleni pwani ya kaskazini, Nyali au Bamburi. Mume wako anapenda Diani, najua, na Diani ni nzuri: mchanga mweupe, mbega juu ya miti. Lakini ukilala Diani, Fort Jesus na Haller Park zinakuwa safari, na mna siku mbili tu. Mwambie Bamburi kuna bahari ile ile, na kiti kipo.

Wasini ifuteni. Hili sitaki lijadiliwe sana. Mwezi wa nane ni kusi, upepo unavuma na bahari ya Shimoni inachafuka. Shemeji atakwambia huo ndio msimu wa nyangumi, na ni kweli nyangumi hupita pwani yetu miezi hiyo. Lakini kumpandisha mama wa magoti kwenye mashua inayoruka, siku yake ya kwanza kuona bahari, na mtoto anatapika pembeni, hapana. Mkirudi siku moja wakati wa kaskazi, Januari au Februari, maji yametulia na matumbawe ya Kisite, hifadhi ya bahari karibu na Wasini, yanaonekana hadi chini. Shemeji akitaka sana, aende peke yake Jumamosi, ni mtu mzima.

Nije kwa mama, maana naona barua yako yote ilikuwa inaelekea kwake.

Bahari ina ratiba, na wageni wengi huijua wakishachelewa. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50. Yakipwa upande wa Bamburi, utatoka hotelini ukute mchanga, mwani na vidimbwi, maji yako kule kwenye mwamba. Watoto watafurahia vidimbwi, wavae viatu kwa sababu ya vile viumbe vyeusi vya miiba, lakini mtu aliyesubiri bahari miaka sabini hataki kuonyeshwa kidimbwi. Tazameni mwezi. Ukiwa mpevu au ndio umeandama, ni bamvua, na hapa kwetu maji hupwa sana saa nne asubuhi yakajaa sana kuanzia saa kumi jioni. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayaji kwa nguvu, na kujaa kwake huwa asubuhi ya saa nne hivi. Muulizeni mtu wa hotelini au mvuvi yeyote, atawaambia bila kutazama popote. Siku ya Jumamosi yapangeni yote kufuata saa ya maji kujaa: kiti cha mama kiwe hapo kivulini dakika 30 kabla, pasiwe na mchanga wa kupanda na kushuka, na mume wako akae naye. Anataka kiti na kivuli, sivyo? Hilo ndilo zamu lake.

Jumapili asubuhi nendeni Fort Jesus mapema kabla ya jua. Wareno walianza kuijenga 1593, na tangu 2011 imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ndani kuna ngazi na mawe yasiyo sawa. Mama asilazimishwe kupanda kuta. Afadhali mmoja wenu ampeleke Mama Ngina, ule mtaa wa ufuoni wenye mibuyu na viti vya kukalia. Pale hakuna mchanga wala ngazi nyingi, kuna upepo, madafu na mihogo ya pilipili, na mlango wa bandari ya Kilindini uko mbele yako, kwa hiyo meli ya makontena ikiingia inapita karibu hadi unawaona mabaharia wametegemea vyuma. Ningekuwa na uwezo wa kukuachia sehemu moja tu ya safari hii kwa ajili yake, ningeacha hiyo.

Haller Park ni ya mchana wa Jumapili na ni fupi, tena iko Bamburi mnakolala. Ilikuwa shimo la mawe ya kiwanda cha simenti, kavu, halafu kuanzia miaka ya 1970 ikapandwa mivinje hadi ikawa msitu. Njia ni tambarare, mna twiga wa kulishwa mkononi, uliza saa yake langoni. Huku ndiko alikoletwa Owen, mtoto wa kiboko aliyebaki peke yake karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akamganda kobe dume mzee, wakawa wanalala pamoja. Mtoto wako mdogo atataka usimulie mara nne.

Malaria msiisahau. Nyinyi ni watu wa nyanda za juu na miili ya watoto haijaizoea; pitieni kwa daktari kabla ya safari, na kila kitanda kiwe na chandarua kizima.

Na kama tiketi za Voi zitawashinda? Basi nendeni moja kwa moja Mombasa, na ndovu mkawatafute hifadhi ya Shimba Hills, juu ya Kwale. Ni nusu siku, kilomita thelathini na kitu kutoka mjini, na siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, hamhitaji kungoja feri ya Likoni. Huko mtaona palahala, swala mweusi mwenye pembe zilizopinda nyuma kama panga, ambaye katika Kenya nzima anaishi hapo tu. Ila nikuonye: Shimba ni msitu na ukungu. Ndovu wapo, lakini ndovu wa msituni anaweza kusimama hatua chache kutoka barabarani usimwone. Wala hawako wekundu kama wa Tsavo. Maporomoko ya Sheldrick nayo ni mwendo wa miguu kushuka na kupanda, mama abaki.

Shemeji usimnyang'anye upangaji mbele ya kaka yake. Mtakaa siku nne mkinuniana. Mwambie amepata Tsavo aliyoitaka, tena usiku mzima kule badala ya saa chache, na mpe kazi ya tiketi zote. Agosti viti vya daraja la kawaida huisha upesi, hasa Ijumaa na Jumatatu. Aanze na kipande cha Ijumaa cha Voi hadi Mombasa, kwa sababu hicho kikikosekana, mpango unahamia Shimba na hoteli ya Voi haina haja ya kulipiwa.

Mwenyeji